Siku ya mwalimu wa darasa: anza na sajili

Mwalimu mpya uliyepewa gredi ya 4 hapa Nairobi, kazi ni nyingi. Nakusihi uipe sajili, yaani daftari la mahudhurio, uzito.

Hatua ya 1: Andalio la somo. Liandike jioni ya jana yake. Kipindi ni dakika 35, basi usijirundikie matokeo usiyoweza kuyafikia.

Hatua ya 2: Ita majina. Usihesabu vichwa. Mtoto aitike, nawe umtazame usoni. Hapo ndipo utamwona aliyevimba jicho au anayesinzia kwa njaa. Akikosa siku mbili mfululizo, pigia wazazi siku hiyo hiyo. Kwenye mitaa ya mabanda kama Mathare au Mukuru, kodi ikiwashinda, familia huhama usiku bila kuaga, na ukichelewa utakuta simu imezimwa. Waulize wanaotembea naye kwenda nyumbani. Mara nyingi wao hujua amehamia wapi kabla ya ofisi kujua. Mimi naona hii ndiyo kazi yetu kubwa, kwani hakuna somo linalomfikia mtoto ambaye hayupo.

Hatua ya 3: Fundisha, sahihisha, jaza rekodi ya kazi. Darasa likiwa kubwa, kusanya madaftari ya safu moja kila siku.

Hatua ya 4: Zamu ya chakula. Penye Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni, mtoto hulipiwa shilingi 5 na kupitisha bangili yake ya kielektroniki kwenye kifaa cha malipo. Kaa hapo hadi foleni iishe, uwaone waliojitenga pembeni.

Maswali ya walimu wenzetu

*Mwalimu, wazazi wenyewe wananiambia niwachape watoto wao. Niwajibu nini?*
Waambie kwa heshima kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza, hata mzazi akiruhusu. Kisha mketi pamoja, mtafute kinachomsumbua mtoto.

*Madam, nimeandika "kukaribia matarajio" kwenye ripoti ya mtoto, yaani bado hajafika kiwango kinachotarajiwa, na mama amekasirika. Nilikosea?*
Hapana, ila maneno hayo pekee hayamsaidii. Ongeza: "Anajumlisha vizuri, bado anatatizika kugawanya." Mwonyeshe daftari.

*Na nikishuku mtoto anaumizwa nyumbani?*
Usimhoji mbele ya wenzake, wala usimwahidi kuificha siri. Andika ulichoona na tarehe, mjulishe mwalimu mkuu leo leo. Namba ya kuwasaidia watoto ni 116, na haitozwi pesa.