Siku yako ya kwanza kwenye treki: tafuta mwalimu, tengeneza breki, nguvu ya injini iache kwanza

Watu wakishashikwa na hamu ya treki, yaani kuendesha gari yao kwenye uwanja wa mashindano ya magari, kitu cha kwanza wanachowaza ni nguvu, mara egzosi, mara wachezee injini, mara tairi za bei mbaya, halafu breki zinabaki vilevile na mwalimu hata hawamfikirii. Naomba nikugeuze mapema. Gari yako hiyohiyo ya kila siku inatosha kwa siku ya kwanza, mradi iwe nzima, na tena gari ndogo isiyo na nguvu nyingi inafundisha vizuri zaidi maana ukikosea kona unajua hapohapo, spidi imekufa na injini haina cha kukusaidia kuirudisha.

Tuelewane kwanza, siku ya treki sio mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa pili, sehemu nyingi hata kujipimia muda wanakataza, na kuovateki ni kwenye maeneo yaliyotajwa tu, kwa wanaoanza mara nyingi ni pale paliponyooka na mpaka wa mbele akuonyeshe kwa mkono upande wa kupita. Mnagawanywa makundi kwa uzoefu, kundi linaingia dakika kama 20, linatoka, linaingia lingine, kwa hiyo muda mwingi wa siku umekaa unasubiri, na huo muda ni mali, nitaurudia. Shule ya udereva wa spidi ni tofauti, pale kuna darasa, kuna mazoezi ya kukanyaga breki mpaka mwisho, kuna uwanja uliomwagiwa maji wa kujifunza gari ikiserereka, na mara nyingi gari ni ya kwao. Ni kitu cha miaka mingi. Bob Bondurant, Mmarekani aliyekuwa dereva wa mashindano, alipata ajali mbaya sana kwenye treki ya Watkins Glen, Marekani, mwaka 1967, stelingi ilikatika akiwa kwenye spidi kubwa, na mwaka uliofuata 1968 akafungua shule yake, halafu Skip Barber, naye dereva wa mashindano wa Marekani, akafungua ya kwake 1975. Ukiweza anza shule ndio uende treki. Ukiwa na uwezo wa kimoja tu, mi ningechagua siku ya treki yenye mwalimu anayekaa siti ya pembeni, kwa sababu unajifunzia kwenye gari yako mwenyewe.

Sasa breki, hapa naomba utulie. Kazi ya breki inapanda kwa mraba wa spidi, maana yake ukisimamisha gari kutoka 140 km/h badala ya 100, breki inameza nguvu karibu mara mbili, wakati we machoni unaona umeongeza 40 tu. Hiyo nguvu yote inageuka moto, unaenda kwenye diski, kwenye pedi, na mwisho unafika kwenye oili ya breki. Na oili ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani polepole. DOT 4, daraja mojawapo la oili hiyo, ikiwa mpya kiwango kinataka isichemke chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabonyea, pedeli inakwenda chini na gari haisimami.

Ilinitokea. Mwisho wa mnyooko mrefu, raundi ya tano hivi, nakanyaga naona mguu unazama kama nimekanyaga sponji, nikapampu haraka mara tatu ikarudi kidogo, nikaingia kona nikiwa mpana mno nikaishia kwenye kokoto. Gari haikuumia, mimi sikuumia, ila ule mguu unaozama nauhisi mpaka leo. Oili ilikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo wiki moja kabla, mwaga yote uweke DOT 4 mpya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, toa hewa magurudumu yote manne, na usichanganye na DOT 5 kwa kudhani namba kubwa ndio bora, ile ni ya silikoni, haziendani kabisa. Pedi zikishapita nusu badilisha.

Mengine fundi wako anaweza kukusaidia kwa saa moja, beringi za magurudumu, bolijointi, kama kuna uvujaji wowote, betri imefungwa kweli au inacheza. Asubuhi yenyewe toa kila kitu ndani ya gari, yaani kila kitu, karpeti ya miguuni, jeki, chupa ya maji iliyojificha chini ya siti, maana chupa ikibiringika ikaenda chini ya pedeli ya breki basi tena. Kaza nati za tairi kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na ukitoka raundi za kwanza zicheki tena. Upepo pima tairi zikiwa za baridi uandike, kisha pima ukitoka tu, utakuta umepanda kwa sababu ya joto, usishtuke, punguza kidogokidogo.

Helmeti soma kanuni za treki kabla hujanunua. Kwenye stika ya Snell (shirika linalopima ubora wa helmeti) herufi SA ni za magari na zinapimwa na moto pia, M ni za pikipiki na hicho kipimo cha moto hazina, treki nyingine zinazikataa. Vaa nguo za pamba mikono mirefu na viatu vya soli nyembamba ili usikie pedeli. Na bima, soma ile karatasi yote, nyingi zinasema wazi kwamba kwenye treki hazihusiki, ni bora ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Ukikaa kwenye siti mgongo wote uguse, nyoosha mkono juu ya stelingi, kiwiko cha mkono (pale unapovaa saa) kikae juu ya duara bila bega kutoka kwenye siti. Mikono iwe saa tatu na saa tisa ya uso wa saa. Halafu macho, na hiki ndicho mwalimu atakachokupigia kelele siku nzima: usiangalie boneti, usiangalie gari ya mbele, angalia unakotaka kwenda. Kabla ya kona unaangalia pa kuanzia kukata, ukishaanza kukata macho yameshahamia ndani ya kona, ukiwa ndani macho yapo pa kutokea. Gari inafuata macho, hii utaiamini siku utakayojaribu.

Breki piga gari ikiwa imenyooka, kanyaga kwa nguvu mapema kisha achia taratibu, ingia polepole kuliko unavyotaka, subiri, mafuta ongeza pale tu unapoweza kuanza kunyoosha stelingi. Tairi ina uwezo mmoja tu wa kushika, ukiutumia wote kwenye breki haubaki wa kukata kona. Gari ikikataa kukata inaenda moja kwa moja, punguza mafuta, usizidishe stelingi. Mkia ukitoka angalia unakotaka kwenda, mikono ifuate, na usiachie mafuta ghafla katikati ya kona.

Bendera za njano, nyekundu na nyeusi zijue kabla hujawasha gari. Njano hakuna kuovateki, nyekundu punguza na fuata walivyosema asubuhi, nyeusi ukinyooshewa wewe ingia ndani, wameona kitu.

Raundi ya mwisho zunguka polepole bila breki ili zipoe, ukipaki usivute handibreki, pedi za moto zikibanwa kwenye diski zinaharibu, weka gia tu na uzuie tairi. Na ule muda wa kusubiri niliosema, mwombe mwalimu upande naye gari uone anavyoendesha, au simama karibu na uzio utazame kona moja tu dakika kumi, magari tofauti yanapiga breki wapi.

Jioni kabla ya kushika barabara kaa angalau nusu saa, kunywa maji, rudisha vitu kwenye gari, kaza nati kwa mara ya mwisho. Macho yako yameshazoea spidi ya treki, utajiona unatambaa kumbe umeshapita kiwango cha barabara, kwa hiyo kilomita za mwanzo tazama spidomita kila mara.