Jinsi ya kujenga ukuta wa mbao unaolia ukigongwa

Mgeni akigonga ubao, asikie papo hapo kwamba sauti ile ni yake. Akilazimika kusubiri, hata kidogo, ataondoka akidhani anasikiliza rekodi. Ndiyo maana spika za Bluetooth hazifai hapa: huweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100.

Andaa vibao 6 vya plaiwudi ya mm 12, kila kimoja sm 30 kwa 40, visahani 6 vya piezo (hugeuza mtikisiko kuwa umeme) vya kipenyo cha mm 27, Arduino Leonardo (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu), rezista 6 za megaohmu 1 na 6 za kiloohmu 10, dayodi 6 za zena za volti 5.1 (huzuia volti kupita kiwango hicho), kompyuta yenye Pure Data (programu ya kutengeneza sauti), na spika 2 za waya.

Vibao visigusane. Acha mwanya wa mm 5 kati yao, na kila kimoja kikalie vipande vya sponji ngumu kwenye fremu. Skrubu ikitoka kwenye kibao moja kwa moja hadi fremu, ukigonga kimoja utaamsha na jirani zake.

Piga solda kabla ya kubandika. Ncha ya moto isikae juu ya kauri ya kisahani zaidi ya sekunde 2, la sivyo utando wa fedha hubabuka na waya haushiki tena. Bandika kisahani nyuma ya kibao kwa epoksi, upande wa chuma ukigusa mbao, kama theluthi moja kutoka ukingoni. Kikiwa katikati kabisa, pigo la hapo huwa kali kupita kiasi. Shikiza waya kwa gundi sm 3 kutoka kwenye kisahani, maana ukivutwa hukatikia kwenye solda.

Pigo zito huweza kutoa makumi ya volti, na pini ya Arduino haitaki zaidi ya 5. Rezista ya megaohmu 1 iunge nyaya mbili za piezo. Ya kiloohmu 10 ikae njiani kuelekea pini. Zena iunge pini na graundi, mstari wake ukielekea pini.

Kwenye programu ya Arduino, soma kila pini bila mtu kugusa, spika zikiwa zimewashwa. Namba ikifika 15, weka kizingiti, yaani kiwango ambacho chini yake pigo halihesabiwi, kiwe 40. Kizingiti kikivukwa, tafuta kilele kwa milisekunde 2, tuma noti ya MIDI (ujumbe wa kidijitali wa muziki) kwa Pure Data kupitia USB, kisha puuza kibao hicho kwa milisekunde 60; usipofanya hivyo, mtikisiko wa mbao utahesabiwa kama mapigo matatu. Vibao viwili vikilia pamoja, futa kile ambacho nguvu yake haifiki robo ya mwenzake. Usifute kwa haraka zaidi ya hapo: watu wawili wakigonga kwa pamoja ndiyo raha yenyewe ya kazi hii.

Ukishapata jibu la papo hapo, ongeza tabaka la polepole. Hesabu mapigo ya sekunde 30 zilizopita. Yakizidi, sauti zishuke ziwe nzito na mwangwi urefuke. Watu wasiofahamiana husikia nguvu yao ya pamoja, wakaanza kupokezana.

Ukuta ukijipigia wenyewe, mtetemo wa spika unarudi kwenye mbao. Ziweke juu ya sponji, mbali na fremu, kisha pandisha sauti hadi mwisho chumba kikiwa kitupu. Kikinyamaza kibao kimoja, kagua solda kabla hujagusa programu.