Viazi lishe Tabora: mwonjeshe mlaji kwanza, shamba lifuate

Mkulima wa Nzega au Uyui akikataa viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, tusikimbilie kumwita mgumu wa kubadilika. Mara nyingi ameshavionja, akakuta vina maji. Huku kiazi kinachosifiwa ni kikavu, chenye unga, kinachokaba kidogo kooni mpaka utafute chai, na kinachofaa kwa michembe (vipande vibichi vilivyokaushwa) na matobolwa (viazi vilivyochemshwa kisha kukaushwa) ya kuweka akiba. Kisicho na unga hakiingii jikoni hata ukihubiri vitamini A mwaka mzima, na mimi naona mlaji huyo ana haki.

Kwa hiyo anzia kwenye aina. Kabode, iliyotolewa Uganda mwaka 2007, ina unga kuliko nyingi zilizoitangulia. Zipo pia Mataya na Kiegea. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata ipi inapatikana, kisha panda matuta mawili tu kando ya aina uliyozoea. Siku ya kuvuna, chemsha zote mbili, waite majirani pamoja na watoto, waonje bila kuambiwa kipi ni bora. Maoni yao ndiyo yakupe ukubwa wa shamba la mwakani.

Sokoni wapo watakaouliza kama kimetiwa rangi au dawa. Wana haki ya kujibiwa vizuri: rangi ile ya chungwa ni beta-karotini, ileile ya karoti na papai bivu, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na aina hizi zimepatikana kwa uchavushaji wa kawaida. Kata kiazi kimoja mbele ya mteja, maana ganda halionyeshi kilichomo ndani. Michembe yake ianikwe kivulini penye upepo, juu ya kichanja, kwa vipande vyembamba. Jua kali hupunguza vitamini hiyo. Iliwe mapema, kwani hata ghalani huendelea kupungua.

Waliokwisha kukipenda, wengi hukwama kwenye mbegu, wala si kwenye ladha. Kiangazi chetu ni kirefu, marando (mashina yatambaayo ya kupandia) hukauka, na Novemba aliyekipenda kiazi hana cha kupanda. Dawa yake haina gharama kubwa. Ukivuna, chagua viazi vya wastani visivyo na fukusi (mdudu atoboaye viazi) wala michubuko. Vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu uliopoa, visigusane, uvifunike kwa mchanga na kuweka ndani ya nyumba penye ubaridi. Kagua kila mwezi, toa vilivyooza.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, panda viazi hivyo kwenye kitalu karibu na kisima na uvimwagilie. Zungushia miiba imara, kwa sababu wakati huo majani mabichi ni haba na mbuzi wataviona kabla yako. Mvua zikishika, kata marando ya sentimita 30 hivi kutoka nchani, uache sehemu ya chini iliyo karibu na udongo ambako fukusi hujificha, ukapande kwenye tuta lililolowa vizuri.