Kabla ya Kusi Kukaza: Kuiandaa Nyumba Pembezoni mwa Dodoma

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu. Anayeishi Nzuguni, Iyumbu, Nala au Mtumba, ambako viwanja vingi vimefyekwa na barabara nyingi za mitaa bado ni za udongo, ajiandae Aprili hiyohiyo. Ukingoja Agosti, kazi itakuwa kufagia tu.

Hewa yetu huchafuliwa na vitu viwili, na kila kimoja kina saa zake. Vumbi ni la mchana. Kusi, yaani upepo wa kusini-mashariki, hutoka baharini na kuacha sehemu kubwa ya unyevu wake kwenye milima ya upande wa Morogoro, hivyo hutufikia ukiwa mkavu. Jua likishapasha ardhi, upepo hukaza na kuinua udongo mwekundu. Kufikia Septemba na Oktoba utaona na visulisuli uwanjani. Moshi, kwa upande wake, ni wa usiku na alfajiri. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi usiku hauna mawingu, kwa hiyo ardhi hupoa upesi. Hewa baridi hutuama mabondeni, hewa ya vuguvugu huifunika kwa juu, na moshi wa mkaa, kuni na taka hukosa pa kutokea. Juni na Julai ndiyo miezi mibaya zaidi.

Ndiyo maana tabia ya kufungua madirisha alfajiri ili kupata hewa safi huumiza watu wengi, hasa wanaokaa mabondeni. Tazama kwanza nje: moshi ukiwa umelala kama shuka usawa wa mapaa, subiri. Ukianza kupanda na kutawanyika, kwa kawaida kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, fungua pande zote mbili za nyumba, kisha funga upande wa upepo kabla vumbi halijaanza.

Kutafuta mianya, chagua mchana wa upepo. Washa udi, upitishe taratibu kwenye kingo za madirisha na milango ya mashariki na kusini. Moshi wake ukipinda kuingia ndani, hapo ndipo vumbi linapopita. Ufa wa fremu unazibwa kwa silikoni, lakini futa kwanza kwa kitambaa kibichi na uache pakauke kabisa. Juu ya vumbi silikoni hubanduka baada ya wiki chache. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma huvuja kwenye brashi za kuziba kingo zilizochakaa, nazo hubadilishwa bila kung'oa dirisha. Chini ya mlango weka mpira. Wavu wa mbu usiutegemee: tundu lake huzidi milimita 1, wakati chembe zinazofika ndani ya mapafu hazifiki milimita 0.01.

Nyumba ikishabana hivyo, jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata kwa kuota moto usiku wa Julai, hata mkaa ukiwa umekolea na hautoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Uani, acha kuparua nyasi hadi udongo ubaki mtupu. Unaweza kumwaga kokoto unene wa sentimita 5. Eneo la mita za mraba 100 litahitaji mita za ujazo 5. Ua wa miti hupandwa Desemba, mizizi ishike kabla ya Mei. Ua unaopitisha hewa kidogo hupunguza upepo vizuri kuliko ukuta mzito, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka kwa vurugu upande wa pili, pamoja na vumbi lake.

Mwenye pumu aende kliniki Aprili, na ahakikishe pampu haijaisha wala kupita muda. Ndani piga deki kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani.

Mvua za kwanza zikija, usikinge maji mara moja. Paa limebeba vumbi la miezi mingi. Kwa paa la mita za mraba 100, mwaga walau lita 100 za mwanzo, ndipo urudishe bomba la mfereji kwenye tenki.