SOMO: Mpango wa shamba unaolinda udongo na maji (someni kabla ya kuuliza)

Kila mvua zikikaribia naulizwa jambo lile lile, mpango wa shamba uandikwe vipi, kwa hiyo naliandika mara moja. Shamba langu ni ekari sita za mikorosho na ufuta huku Nachingwea, kwenye mteremko unaoishia kijitoni.

1. Chora ramani: mipaka, miti, kisima, na njia ya maji. Njia ya maji ikague mvua ikinyesha, ulowe. Ramani ya kiangazi hudanganya.

2. Chukua udongo wa kupimwa, sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, uchanganye. Wa chini ya mikorosho uweke peke yake, maana salfa, dawa ya ukungu tunayoipulizia mikorosho, ikirundikana miaka mingi huongeza tindikali pale.

3. Acha mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57.

4. Pima kontua, yaani mstari wa usawa unaokatisha mteremko, kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, fito ya kukatisha, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka juu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitia alama katikati ya fito kwa rula nikaanza kupima siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, tena kila hatua nilitanguliza mguu ule ule. Kosa la sentimita 2 kwa hatua 50 ni mita nzima. Mtaro wangu ukainama, ukakusanya maji ya shamba zima upande mmoja, na mvua kubwa ya kwanza ikapasua tuta. Korongo lilinifika kiunoni. Ufuta wa chini wote ulifukiwa na mchanga, na hadi leo pale hapajarudi.

Fanya hivi: simamisha fremu juu ya vigingi viwili, tia alama kamba inapogusa fito. Geuza fremu, miguu ibadilishane vigingi, tia alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili. ONYO: usipime penye upepo. ONYO: mwisho wa mtaro uwe penye nyasi nene, kamwe usiwe njia ya ng'ombe wala shamba la jirani.

5. Chimba mtaro, udongo utupe upande wa juu, panda vetiva, nyasi ya mizizi mirefu, kwenye tuta.

6. Ufuta ufuate kontua. Masalia usichome.

7. Bomba la kupulizia dawa usilioshee mtoni wala kisimani.

8. Andika kalenda: kazi gani, nani, lini, shilingi ngapi.

MASWALI

Mkulima, Ruangwa: Mkuu, si naweza kukadiria tu kwa macho?
— Hatua ya 4.

Mkulima, Liwale: Nimechimba kama ulivyosema na tuta limepasuka. Somo lako lina kasoro.
— Fremu uliigeuza?
— Sikuigeuza, vibarua walikuwa wananisubiri.
— Basi hukufuata somo. Igeuze, pima upya, ndipo tuongee.

Mama Shamba, Newala: Shikamoo kaka. Sisi huku juu uwandani mto hatuna, na shamba langu ni tambarare, mchanga mtupu. Mpango wangu uandike nini?
— Marahaba dada, umeuliza la maana. Kwenye mchanga maji huzama haraka na rutuba huzama nayo. Anza na matandazo, majani ya mikorosho yabaki chini, na panda mbaazi kati ya mistari, zinarudisha naitrojeni. Halafu paa lako liandike kwenye mpango kama chanzo cha maji: bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 ni lita 500. Weka mfereji na simtangi.

Mama Shamba: Ahsante. Na badala ya vetiva, mchaichai unafaa?
— Unashika udongo wa juu, na chai unapata. Ila mizizi yake haiendi mbali. Ya vetiva huzidi mita 2. Penye mteremko mkali weka vetiva.

Mkulima, Masasi: Mbegu za vetiva zinauzwa wapi?
— Haipandwi kwa mbegu, ni kwa machipukizi. Ng'oa shina la zamani, ligawe, kata majani yabaki urefu wa kiganja, panda kila sentimita 15 ardhi ikiwa imelowa. Mvua zikishika njoo Nachingwea na jembe lako, nitakugawia.