Kuku anahema na tumbo limejaa maji? Anzia kwenye gunia la pumba

Wafugaji wenzangu wa Tanga, masika yakishika tu simu zinaanza, broila wanahema midomo wazi, tumbo limevimba, ukimpasua yanamwagika maji ya njano kama chai ya rangi. Wengi wanasema ni mafua, wanakimbilia duka la dawa, antibayotiki siku tano, kuku wanaendelea kufa na hela imeshaenda.

Hata mimi yalinikuta. Nilileta pumba za mahindi toka Handeni, bei nzuri, nikazitupa tu chini kwenye sakafu ya stoo na nyumba yenyewe iko karibu na bahari, baada ya wiki kadhaa naingiza mkono kwenye gunia la chini nasikia joto na pumba zimeshikana mabonge. Basi nikayavunja yale mabonge nikachanganya na pumba mpya, eti zisipotee! Nusu ya banda iliondoka.

Iko hivi. Kuvu wakiota kwenye mahindi, pumba au mashudu wanaacha sumukuvu, na hizo sumu ziko aina nyingi. Aflatoksini ndo tunayoisikia sana, hiyo inakula ini, na ini likishakakamaa damu haipiti vizuri, maji yanavuja tumboni na moyo unalemewa. Moniliformini yenyewe inapiga msuli wa moyo moja kwa moja, kuku alikuwa anakula vizuri tu unamkuta kafa. Nguruwe ndo mnyonge wa fumonisini: moyo upande wa kushoto unakosa nguvu ya kusukuma, mapafu yanajaa maji, anahema kwa shida, na akila mahindi yenye sumu nyingi wiki haiishi kashakufa. Hapo utamchoma sindano ya kifua mpaka uchoke.

Sio kila maji ya tumboni ni sumukuvu lakini, banda lisilopitisha hewa, baridi, chumvi nyingi kwenye chakula au broila kukua haraka kupita uwezo wa moyo wake vyote vinaleta. Ndo maana nasema mpigie daktari wa mifugo ampasue mmoja aliyekufa sasa hivi, na umwekee kilo moja ya chakula kile kile walichokuwa wanakula, watu wengi wanakitupa halafu hakuna cha kupima.

Sasa kuhusu kununua. Usidanganyike na macho, pumba zinaweza kuwa safi, hazinuki, na sumu imo, maana fumonisini inaanzia shambani mahindi yakiwa bado kwenye bua na nyingi inakaa kwenye ganda na kiini, yaani huko huko pumba zinakotoka. Kuchemsha au kuanika juani hakuitoi, jua linakausha unyevu tu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, kama huna kipimo chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache uache itulie, chumvi ikiganda kwenye kioo hayo bado mabichi, rudisha kwenye turubai.

Stoo: magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta, na huku pwani nunua pumba za wiki mbili tu sio za miezi mitatu hata kama bei inashawishi. Vyombo vya chakula sugua, mabaki yaliyolowa ndo mbegu ya kuvu. Ule udongo wa kunasa sumu unaouzwa madukani unasaidia kwa aflatoksini, kwa fumonisini usiutegemee.

Wenye ng'ombe wa maziwa msijione mmepona, tumbo lake linavumilia zaidi ila aflatoksini inatokea kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuyachemsha hakuiondoi.

Gunia bovu lifukie. Usimpe mbwa, na punda ndo kabisa, fumonisini kwake inaozesha ubongo.