Jinsi ya kutambua mkumba na mahali unapoota Dodoma na Kanda ya Kati

Vichaka vikavu vya kati ya Chamwino na Kondoa vimejaa mimea yenye jani la vipande vitatu, na mingi kati yake si mkumba. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaona vipande vitatu, wanaandika jina, wanaondoka. Jani la vipande vitatu ni mwanzo tu. Ukitaka uhakika unahitaji dalili nne au tano zinazokubaliana kwenye tawi moja, na mahali mmea uliposimama utapafikiria mwisho.

Mkumba unaozungumziwa hapa ni Rhus natalensis. Orodha mpya za mimea zinauandika Searsia natalensis, kwa hiyo ukitafuta kumbukumbu zake kwenye hifadhidata tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utapata nusu ya rekodi. Pwani unaitwa mkono-chuma au mtishangwe, na Wamasai huuita olmisigiyoi. Ni wa ukoo wa mwembe, mkorosho na mng'ongo. Jamaa yake wa mbali, Rhus coriaria wa nchi za Mediterania na Asia ya Magharibi, ndiye anayetoa sumaki, ule unga mwekundu mchachu wanaonyunyiza kwenye nyama huko Uturuki na Iran. Kama hicho ndicho ulichokifuata, nunua dukani. Tunda la mkumba ni kokwa tupu iliyovikwa nyama nyembamba, watoto na wachungaji hulila wakiwa njiani na ndege wakamalizia, lakini kiungo cha jikoni hakitoki humo.

Vifaa

Beba lenzi ya kukuza mara 10, rula ya sentimita, mkasi wa kupogolea, daftari, penseli (wino hutoka mvua ikinyesha), magazeti ya zamani na simu inayosoma GPS. Panga liache nyumbani, kwani anayekata tawi zima kwa panga hurudi na majani yaliyopondeka na bila ncha ya tawi, na ncha ndiyo yenye maua.

Wakati mzuri ni Januari hadi Aprili, mvua za Dodoma zikiwa zimekolea na majani yamekomaa. Kiangazi nacho kina faida yake: jamii ya manemane, ambayo ndiyo inayochanganya watu zaidi, hupukutisha majani yote, wakati mkumba mara nyingi hubaki na majani hata kama yamefifia kwa vumbi. Kwa hiyo kichaka chenye majani matatu-matatu mwezi Agosti kwenye kilima kilichokauka kinastahili kusogelewa.

Kulisoma jani

Kwanza jua jani linaanzia wapi. Fuata kikonyo hadi kinaposhikana na tawi. Kwenye kona ya hapo, kati ya kikonyo na tawi, pana tumba dogo. Chochote kilicho juu ya tumba hilo, hata kama kina vipande vitatu, ni jani moja. Anayeruka hatua hii huhesabu kila kipande kama jani na kila kinachofuata kinaharibika.

Sasa angalia mpangilio. Majani ya mkumba hupokezana: moja huku, jingine mbele kidogo upande wa pili. Yakiwa yametoka mawili-mawili yakitazamana, acha. Pengine umeshika mfuru, ambao majani yake hutazamana na kwa kawaida huwa na vipande vitano au zaidi, ingawa matawi machanga huweza kukudanganya.

Halafu tazama pale vipande vitatu vinapokutana, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu dalili hii moja huondoa nusu ya wanaofanana. Kwenye mkumba vipande vyote vitatu hukaa kwenye ncha moja ya kikonyo, bila vikonyo vyao wenyewe. Hata kile cha katikati hakina shingo. Hupungua upana taratibu kuelekea chini hadi kinagusa kikonyo kikuu. Linganisha na jani la kunde, ambalo kipande chake cha kati kimesogea mbele kwa kikonyo chake na kila kipande kina kifundo kidogo kilichovimba kwenye shina lake. Ukiona kifundo hicho, uko kwenye jamii ya mikunde, na iko mingi porini kwetu.

Pima. Kipande cha kati cha mkumba huwa kirefu kuliko vya pembeni, mara nyingi sentimita 3 hadi 8, kipana zaidi karibu na ncha kuliko chini. Vya pembeni ni vifupi na vimepinda kidogo, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Uso ni mgumu kidogo, laini, hauna manyoya juu wala chini. Ukingo hauna kanuni moja: mara nyingi ni mzima kabisa, pengine una mawimbi au meno machache butu sehemu ya juu. Meno makali yaliyojipanga kuzunguka jani lote ni sababu ya kutilia shaka.

Ponda jani moja kwenye vidole na unuse papo hapo. Utapata harufu ya utomvu, kali kidogo. Haitoshi peke yake, maana manemane nayo inanukia, lakini jani lisilonuka chochote karibu linafunga mjadala: huo si mkumba. Nusa jani bichi lililokomaa, si lililokauka wala lililoliwa na wadudu.

Tawi, miiba na maziwa

Mkumba huwa na mashina kadhaa kutoka chini, wenye urefu wa mita 2 hadi 5, ingawa penye maji na kivuli huweza kuwa mti mdogo wa kufikia mita 8. Matawi machanga yana vidoa vidogo vyeupe vilivyoinuka, unavyovihisi ukipitisha ukucha. Matawi mafupi ya pembeni wakati mwingine huishia kwenye ncha ngumu kama mwiba. Neno ni "wakati mwingine": vichaka vilivyokatwa au kuliwa sana na mbuzi huwa na ncha hizo nyingi, vilivyo kivulini huweza kukosa kabisa.

Maziwa meupe yakitiririka ulipokata, huo si mkumba. Jihadhari zaidi ukiwa karibu na mnyaa, ambao Dodoma umepandwa kama uzio wa maboma na makaburi: maziwa yake yakiingia jichoni huunguza vibaya. Nawa mikono kabla ya kugusa uso. Na wale ambao ngozi yao huwashwa na utomvu wa embe au ganda la korosho wavae glavu hata kwa mkumba wenyewe, kwa kuwa ni ukoo huohuo.

Maua na matunda

Maua ni madogo sana, ya rangi ya kijani-njano au nyeupe-kijani, yamekaa kwenye vishada vilivyotawanyika mwishoni mwa matawi na kwenye makwapa ya majani. Kwa lenzi utaona petali 5. Maua dume na maua jike huwa kwenye vichaka tofauti. Hili lina maana kubwa shambani: kichaka dume hakitazaa hata ukirudi kila mwezi, na kukosa matunda si ushahidi kwamba umekosea.

Tunda lina milimita 5 hadi 7, limebapa kidogo na halina ulinganifu, upande mmoja umejaa kuliko mwingine. Likiwa changa ni kijani, likiiva huwa jekundu-kahawia, na ngozi yake inang'aa. Ndani kuna kokwa moja. Lipasue kwa ukucha: tunda la manemane hupasuka vipande viwili na kuonyesha mbegu iliyoshikwa na kitu chekundu au cha machungwa, la mkumba halifanyi hivyo.

Wanaofanana nao

Manemane (Commiphora), hasa Commiphora africana, ndiye mshindani mkuu wa Dodoma. Ana vipande vitatu, cha kati kikubwa, na matawi yenye ncha za miiba. Tofauti ziko tatu. Ukingo wa jani lake una meno kuzunguka. Gome mara nyingi hubanduka kama karatasi, na ukikwangua kidogo unakuta kijani kibichi chini yake. Na majani yake hukaa kwa mafungu kwenye vitawi vifupi, badala ya kupokezana kwa nafasi.

Allophylus hupatikana zaidi penye unyevu, kando ya mito na kwenye vichaka vizito. Vipande vitatu, vinapokezana, matunda mekundu, mtego mzuri. Lakini jani lake likipondwa halina harufu ya utomvu, maua hukaa kwenye mikia myembamba iliyosimama, matunda ni mviringo kamili, na chini ya jani, kwenye kona za mishipa, lenzi huonyesha vishungi vidogo vya manyoya.

Vepris, wa jamii ya mchungwa, utamkuta kwenye vichaka vizito vya upande wa Manyoni na Itigi. Inua jani dhidi ya mwanga wa mbinguni: ukiona vitone angavu vimejaa jani lote, ni yeye. Harufu yake nayo ni ya ndimu.

Mikumba mingine

Ukishakuwa na hakika kwamba ni Rhus, manyoya ndiyo yanayotenganisha. Rhus vulgaris ana manyoya laini upande wa chini wa jani na kwenye matawi machanga, matunda yake ni madogo na mviringo, na hupenda nyanda za juu zenye baridi. Rhus tenuinervis ana vipande vipana, karibu mviringo, vyenye manyoya na meno ya wazi sehemu ya juu. Rhus longipes hutambulika kwa kikonyo kirefu na vipande vyenye ncha iliyochongoka. Mtafute kwenye miyombo. Usitumie ukubwa wa jani kutofautisha aina. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki kilichokatwa huwa na majani makubwa kupita kiasi, mara nyingi yenye meno ambayo majani ya kawaida ya kichaka hichohicho hayana. Kinyume chake, kichaka kilichotafunwa na mbuzi mwaka hadi mwaka kinakuwa kifundo cha majani madogo madogo. Chukua sampuli kwenye tawi lililokomaa, urefu wa kifua au zaidi, upande unaopata jua.

Pa kutafuta

Mkumba hauna makuu. Unaanzia usawa wa bahari hadi milimani, kwa hiyo mwinuko wa mji wa Dodoma, mita 1,100 na kidogo, haukupi habari yoyote. Udongo na ndege ndio wanaopanga.

Anza na vichuguu. Ndege hula tunda, hutua juu ya kichuguu au mti uliosimama hapo, huangusha kokwa, na udongo wa kichuguu unapitisha maji vizuri. Kwenye mbuga za udongo mweusi unaopasuka, kama zile zinazozunguka Bahi, usihangaike kutafuta katikati ya nyasi. Nenda moja kwa moja kwenye vichuguu na kingo za mbuga. Kwa sababu hiyohiyo, chunguza chini ya migunga mikubwa na mibuyu.

Pili ni miinuko ya mawe. Vilima vya matale vinavyozunguka mji wa Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa kati yake, vina nyufa zinazohifadhi maji ya mvua na ni vigumu kulima, hivyo vichaka hubaki. Tafuta chini ya miamba, pale mteremko unapoanza kulainika na udongo umekusanyika. Miteremko ya Kolo na vilima vya Irangi, Kondoa, ni pazuri pia. Sehemu ile mmomonyoko ulikuwa mkubwa hata mifugo ikaondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza 1973, na vichaka vikarudi kwenye kingo za makorongo. Huko juu, ndiko unakopaswa kupima manyoya kwa makini zaidi, maana aina huweza kuota jirani.

Ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Bahi na Kilimatinde, na safu za Mpwapwa, vina mchanganyiko wa vichaka na misitu mikavu. Tembea kando, pale kichaka kinapokutana na uwanda, kwa kuwa mkumba hupenda mpaka kuliko ndani ya kivuli kizito.

Kuchukua sampuli

Ndani ya hifadhi ya msitu omba kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kwenye ardhi ya kijiji anzia ofisi ya mtendaji. Huko mwombe mzee au mchungaji akutajie jina la mmea kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe ukiwa umeushika mkononi, na uandike vile anavyotamka, kwani jina moja huweza kubeba mimea miwili.

Kata tawi la sentimita 30 lenye ncha, majani, na maua au matunda. Litandaze kwenye gazeti, geuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane, bana kwa mbao mbili na kamba. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu au nne za mwanzo. Ukiyaacha, majani huota ukungu na kuwa meusi. Usiweke tawi kwenye mfuko wa nailoni juani: linatoa jasho, vipande vya majani vinaachia, na unabaki na vikonyo vitupu visivyosema lolote. Matunda yaliyodondoka yaweke kwenye bahasha yenye namba ileile ya sampuli.

Daftarini andika tarehe, kijiji, GPS, urefu wa kichaka, idadi ya mashina, udongo, harufu, rangi ya tunda bichi na lililoiva, na kama kuna dalili za kukatwa au kuliwa. Rangi na harufu hupotea ndani ya wiki, na mtaalamu wa mimea wa Herbaria ya Taifa, Arusha, hawezi kuzipata kwenye tawi lililokauka. Kichaka kisichokuwa na maua wala matunda kifunge utepe, rekodi GPS, ukirudie msimu unaofuata. Hadi hapo kiandike kama Rhus, bila jina la pili.